Nani Alihesabu

Haapaneva, 8 Julai 1991

Shangazi Elvi mpendwa,

Hatujambo wote kumi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za sauna, kwa sababu ni mahali pekee katika ua huu ambapo hakuna mtu anayenivuta sketi. Nina robo saa. Orvokki amewapeleka wakubwa ziwani kwenye masomo ya kuogelea, wadogo wamelala, na Urho, wa miezi mitano, yuko begani kwangu anatafuna kola.

Tulirudi juzi kutoka mkutano wa kiangazi wa waumini. Siku nne, hema moja, watu kumi. Joona alikula soseji saba kwa mkupuo mmoja na hakujuta. Kielo alipoteza kiatu, akarudi na cha mtoto mwingine, bora kuliko chake. Baba yao Reijo alisema tukirudishe. Tukazunguka uwanja mzima na kiatu kimoja mkononi kama watafuta bibi harusi.

Kila tulipotaka kuondoka mahali nilisimama mlangoni mwa kombi na kuita namba, moja mpaka nane, na kila mmoja akaitika. Mama mmoja wa Helsinki alinitazama akacheka. "Dada, una jeshi?" Nikamwambia, "Jeshi lina likizo, mwenzangu."

Sasa habari kubwa. Orvokki ameshapanga sanduku lake mara mbili na kulipangua mara mbili. Ana miaka kumi na mmoja, hajawahi kulala mbali na wadogo zake hata siku moja, na tangu ulipomwalika kwa wiki mbili hasemi jambo lingine. Atasafiri na mwalimu Helli, watafika huko Uswidi na meli ya tarehe 5 Agosti. Nakiri naogopa kidogo kubaki bila yeye. Ukimpokea bandarini, tafadhali umhesabu vizuri, usije ukamsahau kama ulivyomsahau Baba stesheni mlipokuwa watoto!

Urho ameamka. Robo saa imekuwa dakika tisa.

Wako,
Marketta


Eskilstuna, 13 Julai 1991

Mwanangu Marketta,

Barua yako nimeisoma mara mbili: mara moja kwa habari, mara ya pili kwa kelele zilizomo ndani yake. Hapa kelele hakuna. Nina paka, saa ya ukutani, na masikio ambayo hayapatani tena na simu, kwa hiyo endelea kuniandikia hata ukiwa na dakika tisa tu.

Chumba cha Orvokki kiko tayari. Kitanda nimekisogeza dirishani, aone ziwa. Nimefanya kazi maktaba miaka ishirini na minane, najua kuchagua kitabu kwa mtu nisiyemjua; lakini huyu namjua kwa barua zake, kwa hiyo nimechagua sita na naogopa vinne ni vya kitoto. Tutakula stroberi kwa maziwa baridi. Tutalala mpaka tutakapochoka kulala.

Swali moja tu la mzee. Unasema huwapeleka wenzake ziwani. Yeye mwenyewe huogelea saa ngapi?

Utani wa stesheni nimeuona. Naujua, nimekaa nao miaka hamsini na mmoja.

Wako,
Shangazi Elvi


Haapaneva, 27 Julai 1991

Shangazi mpendwa,

Naandika kwa haraka. Samahani, safari ya Orvokki haitawezekana. Usisikitike sana, na tafadhali usimwandikie kumbembeleza.

Kulitokea mchafuko kidogo siku ya Jumatatu, tulipokwenda kinamasini kuchuma matunda ya lakka. Mwaka huu yamezaa kuliko miaka mingi, kinamasi chote kimekuwa cha manjano. Tulikuwa magari mawili, kombi letu na gari la shemeji yangu Eero na watoto wake. Wakati wa kuondoka Orvokki alihesabu vibaya na Kielo akabaki nyuma. Reijo na Eero walikwenda wakamkuta salama. Aliumwa na mbu, basi. Hajambo.

Orvokki mwenyewe aliona kosa lake. Aliomba msamaha jioni ileile, kama tulivyowafundisha, nami nikamsamehe, na jambo limezikwa. Lakini Reijo anaona mtoto ambaye bado hawezi kuaminiwa kwa hesabu ya vichwa vinane hawezi kutumwa bila sisi ng'ambo ya bahari. Nami nimekubali.

Inaonekana ni jambo la ukoo! Wewe na Baba, sasa Orvokki na Kielo.

Jamu ya lakka nimetengeneza chupa ishirini na mbili. Nitakutumia mbili.

Wako,
Marketta


Eskilstuna, 31 Julai 1991

Mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa Kielo. Safari si kitu. Safari hupangwa tena.

Lakini barua yako ina tundu katikati, nami ni mzee ambaye hawezi kupita karibu na tundu bila kuchungulia. Umeniambia idadi ya chupa. Hukuniambia mtoto wa miaka mitano alikaa saa ngapi peke yake kinamasini, kwenye madimbwi yasiyo na mwisho. Umeniambia Orvokki alihesabu. Katika barua ya tarehe 8 ulisimama wewe mlangoni mwa kombi na kuita namba.

Kwa hiyo nauliza, kwa upole. Nani aliendesha? Nani alisema twende? Na mtoto wa miaka kumi na mmoja alihesabu kwa amri ya nani?

Chupa usitume. Tuma majibu.

Shangazi Elvi


Haapaneva, 1 Agosti 1991

Kwa Bibi Elvi,

Shikamoo Bibi. Mama hajui kama nakuandikia, ila sijamdanganya, hajaniuliza. Stempu nimetoa kwenye albamu yangu.

Nakurudishia tiketi ya meli uliyonitumia, labda watakubali kuirudisha. Mama amekuambia kwamba sikuruhusiwa. Ni kweli, lakini hata wangeniruhusu nisingekuja. Nikija kwako nani atawahesabu? Sasa nawahesabu asubuhi, wakila, wakitoka sauna, na wakilala. Joona amenipa jina la Afisa wa Kodi. Jana tulipokwenda kuogelea nilimfunga Kielo kamba kiunoni, ncha nyingine mkononi kwangu, mwalimu akasema, "Orvokki, huyu si mbuzi." Watoto wote wakacheka. Kielo hakucheka, alisema anaipenda.

Nataka kukueleza ilivyokuwa, kwa sababu wewe ilikupata pia na babu Oiva, kwa hiyo utaelewa.

Helka wa baba mdogo Eero aliingia kwenye kombi letu kwa sababu alitaka kukaa na mdogo wangu Saara. Nilihesabu vichwa, nikapata vinane. Halafu nikaona kimoja ni cha Helka. Nikamwambia mama, "Wanane, lakini Helka si wetu. Kielo hayupo." Urho alikuwa analia na mbu walikuwa wamemjaa usoni. Mama akasema, "Yuko kwa Eero. Ingia, funga mlango." Nikaingia nikafunga mlango.

Eero alipitia dukani kwanza, akafika nyumbani baada yetu kwa saa nzima. Kielo hakuwemo. Baba alikuwa amesharudi kutoka kazini. Akauliza, "Nani alihesabu?" Mama akasema, "Orvokki."

Bibi, labda nilisema kwa sauti ndogo. Nimejaribu kukumbuka. Nikiwa kitandani nasema tena "Kielo hayupo" ili nisikie ilikuwa kubwa kiasi gani, na sasa siwezi tena kujua. Wewe siku ile ulisema kwa sauti kubwa?

Mjukuu wako,
Orvokki


Eskilstuna, 6 Agosti 1991

Marketta,

Hujajibu maswali yangu, lakini nimepata majibu. Kutoka kwa nani, usiulize. Na ukibahatisha, usimguse hata kwa neno.

Nitakusimulia jambo ambalo sijamsimulia mtu. Baba yako angeweza kukusimulia, lakini yuko kaburini mwaka wa tatu sasa, na alipokuwa hai alichagua utani.

Desemba 1939, vita vilipoanza, tuliambiwa tuondoke kijijini kwetu Karelia kabla ya saa sita mchana. Wewe umekulia kwa mama yako huko kaskazini, mahali hapo kwako ni jina kwenye ramani ya nchi nyingine. Kwangu ni mlango wenye komeo lililoganda. Tulikuwa watoto watano. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alinifunga kitambaa chekundu mkononi, akaniambia, "Wewe ndiye hesabu yangu." Stesheni ilijaa ng'ombe, magodoro, wazee juu ya sleji za kukokotwa thelujini. Tulipokwisha kupanda behewa mama akakumbuka birika la kahawa, liko kwenye sleji hatua thelathini kutoka pale. Akamwambia Oiva, wa miaka minne, kwa sababu alikuwa karibu na mlango na ana miguu myepesi: "Kimbia ulete." Mimi nikasema, "Mama, treni." Akasema, "Bado haiondoki."

Iliondoka.

Siku tisa, Marketta. Alipatikana kwenye treni ya mifugo, kati ya kondoo, akiwa na birika mikononi. Siku zile tisa kila mtu aliyeuliza, mama alimjibu neno moja: "Elvi ndiye aliyehesabu." Simlaumu. Najua kwa nini: mama mwenye watoto wanne na theluji na ndege za kivita hawezi kusimama kwa miguu yake akiwa amebeba na hilo pia. Akalipitisha kwa aliyekuwa karibu na mwenye nguvu. Alidhani nitalibeba mpaka tufike, kisha litawekwa chini pamoja na magodoro.

Hakuna aliyeliweka chini. Likawa utani. Kila harusi, kila Krismasi: Elvi aliyemsahau ndugu yake stesheni. Nilihamia Uswidi nikiwa na miaka kumi na tisa, na watu husema nilifuata kazi. Mama alikufa mwaka 1963. Nilikaa kitandani kwake siku nne nikingojea sentensi moja. Aliniuliza kama nimekula.

Oiva alijua nani alimtuma. Alikuwa na miaka minne, lakini alijua. Alicheka utani ule maisha yake yote ili mama yetu asionekane mwenye kosa.

Unasema Orvokki aliomba msamaha nawe ukamsamehe. Mimi niliacha kusali na watu wenu zamani, lakini masikio yangu yalikaa nanyi muda mrefu, maneno yenu nayajua. Mtoto akija kuuliza kama anaweza kuamini kwamba amesamehewa, mnamshika shingoni na kumwambia: Amini dhambi zako zote zimesamehewa kwa jina la Yesu na kwa damu yake. Hayo ndiyo uliyomwambia?

Basi nijibu swali moja tu, ukitaka yale mengine yaache. Ulimsamehe dhambi ya nani?

Elvi


Haapaneva, 10 Agosti 1991

Shangazi,

Barua yako nimeisoma kwenye zizi la zamani ili watoto wasinione uso.

Nisikilize na mimi. Wewe una paka. Una saa ya ukutani. Hujawahi kusimama kinamasini na mtoto anayenyonya huku mbu wamemwingia puani, mwingine anataka haja, mwingine amemwaga ndoo nzima ya lakka na analia kama amefiwa, na shemeji anapiga honi. Naamka saa kumi na moja. Naoka mikate sita siku moja na siku moja hapana. Nafua, naanika, mvua inanyesha, naanua, naanika. Naombwa kijiko mara arobaini kwa siku. Halafu mtu anakaa ng'ambo, mbele ya dirisha lenye ziwa, anaandika kwa mwandiko mzuri kuniuliza dhambi ya nani.

Kila mtu hapa ananitazama. Unajua wanavyosema mjini juu ya familia kama zetu? Muuguzi wa kliniki alinitazama tumbo mwaka jana akasema, "Tena?" Neno moja tu, "Tena?" Siku ile uani alikuwepo Eero, na mke wake, na jirani asiye wa imani yetu aliyekuja kuazima ngazi. Wote wakanitazama. Reijo akauliza. Ningesema nini? Kwamba mtoto aliniambia nami sikumsikiliza? Angesema nini yule jirani kijijini kote? Kwamba watoto ni wengi mno hata mama hajui nani hayupo.

Orvokki ana nguvu. Daima amekuwa na nguvu.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Marketta

Baada ya kuandika: Nilikuwa nimekwisha kubandika bahasha, nimeifungua. Walipomkuta Kielo alikuwa ameigeuza ndoo yake, amekaa juu yake, anaimba. Jicho moja limefumba kwa kuumwa na mbu. Reijo akalia. Kielo akamwambia, "Mbona mmechelewa? Orvokki amenifundisha. Nikiwa siwaoni, nikae juu ya ndoo, nisitembee, niimbe. Yeye akiona sipo, atasema." Reijo amerudia maneno hayo mara nyingi mezani, kwa furaha, kama muujiza. Hajaona yanamaanisha nini. Kila anapoyarudia Orvokki anatazama sahani, na mimi namwongezea viazi.


Eskilstuna, 14 Agosti 1991

Mwanangu Marketta,

Umesema kweli kuhusu paka, kuhusu dirisha na kuhusu mwandiko. Sikuwahi kubeba hata mtoto mmoja, wewe unabeba wanane, na sina haki ya kukufundisha kuoka mkate. Nimeandika kwa ukali wa mtu aliyekuwa anamwandikia mama yake. Nisamehe kwa hilo.

Lakini hili nalijua kuliko wewe: hana nguvu. Amenyamaza. Ukimwangalia kwa mbali vinafanana.

Mama yangu alikuwa na miaka ishirini na minne ya kuniambia, na kila mwaka uliopita uliifanya sentensi iwe nzito zaidi. Yako ina wiki tatu tu.

Sitaandika tena mpaka uniandikie.

Shangazi Elvi


Haapaneva, 18 Agosti 1991

Shangazi,

Nimesema.

Jana ilikuwa Jumamosi. Tulitoka sauna, wote wamevaa safi, nywele zimelowa, tukakaa kunywa kahawa na juisi. Reijo akaanza tena hadithi ya ndoo, maana Eero na mke wake walikuwepo. Alipofika kwenye "atasema", nikasimama. Sikupanga. Nilikuwa nimeshika sahani ya maandazi.

Nikasema, "Alisema. Orvokki aliniambia Kielo hayupo. Nilimwambia aingie afunge mlango. Na ulipouliza nani alihesabu, nilimtaja yeye kwa sababu niliogopa."

Urho akaendelea kunyonya kidole. Mke wa Eero akatazama dirisha. Joona, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akasema polepole, "Kumbe." Reijo alimtazama Orvokki, akaweka kikombe chini, kahawa ikamwagika.

Nikamwendea Orvokki, nikapiga magoti kwenye zulia, nikamwomba kama tunavyoomba sisi: "Naweza kuamini kwamba umenisamehe hili?"

Unajua maneno ya kujibu. Anayajua pia, tangu ana miaka mitatu. Sijapata kuona katika maisha yangu, nyumbani kwetu au kwa mtu yeyote, muumini akaombwa hivyo asijibu.

Akasema, "Nitafikiri." Akakusanya vikombe, akaenda kuosha.

Sasa imepita siku nzima. Kanisani alikaa upande wa pili, kati ya Saara na Kielo. Reijo anasema hana haki ya kukataa, imeandikwa. Nikamwambia amwache. Lakini, Shangazi, nangoja. Nikisikia hatua zake kwenye ngazi nageuka, halafu anapita. Jana alipokwenda kulala aliniaga kwa adabu. Bado anawahesabu wenzake, midomo inacheza.

Je, nilichelewa? Wewe ungemjibu mama yako nini, kama angesema?

Marketta


Eskilstuna, 22 Agosti 1991

Mwanangu,

Nimekaa na swali lako siku nzima, paka amekosa chakula cha mchana.

Ningesema, "Nitafikiri." Ningefurahi mno kuwa na kitu cha kufikiria.

Miaka yote ile hakuna aliyeniomba chochote, kwa hiyo sikuwa na cha kutoa. Yeye sasa anacho, na ni chake, na wiki nne alikuwa hana hata kimoja. Usimharakishe. Usimwongezee viazi. Mwambie Reijo kwamba imeandikwa pia, akina baba wasiwachokoze watoto wao.

Na hizo hesabu, zichukue. Usimkataze kuhesabu, wewe hesabu kwanza, kwa sauti, kila mahali, hata kama ni kuvuka ua. Mtoto haweki mzigo chini mpaka aone kuna mtu ameushika upande wa pili.

Msomee barua yangu ya stesheni, ukipenda. Ni yake pia.

Shangazi Elvi


Haapaneva, 8 Septemba 1991

Kwa Bibi Elvi,

Shikamoo Bibi. Safari hii mama anajua nakuandikia, na stempu ni yake.

Jana tulikwenda msituni kuchuma matunda ya puluka, yale mekundu yanayochachua kinywa. Yameiva sana. Joona alichuma ndoo mbili akala ya tatu. Baba alitukaangia chapati za maji kwenye moto wa kuni, moja ikaanguka kwenye majivu na mbwa wa Eero akaila ikiwa ya moto akakimbia akilia, tukacheka mpaka Saara akapaliwa.

Wakati wa kuondoka mama alisimama mlangoni mwa kombi. Siku hizi anaita kila mahali, hata tukitoka chooni, Joona anasema ataita mpaka ndotoni. Mimi sikwenda kwenye gari. Nilisimama nyuma ya mti wa msonobari, hatua kama ishirini. Sikuwa nimejificha sana. Nilitaka kuona.

Mama akaita, "Moja?"

Sikuitika.

Akaita tena, "Moja?" Joona akasema, "Atakuwa kwa Eero, mama, twende, nina njaa." Baba akawasha gari. Urho akaanza kulia. Nilihesabu kimya: moja, mbili, tatu. Nilijiambia nikifika kumi watakuwa wameondoka.

Mama akasema kwa sauti kubwa, hata ndege wakaruka: "Zima gari. Moja hayupo. Hatuondoki."

Baba akazima. Mama akampa Urho kwa Saara, akaanza kutembea, akiita, si namba tena, jina langu. Alikuja moja kwa moja kwenye mti wangu. Sijui alijuaje. Alikuwa na majani kwenye nywele. Hakunikaripia. Alisimama tu, anahema, akasema, "Nimekupata."

Nikamshika shingoni, nikamwambia yale maneno. Yote, mpaka mwisho. Alilia sana. Mimi sikulia, nililia baadaye kwenye gari, Kielo akanipa kitambaa chake, kilikuwa na puluka ndani.

Kielo sasa hafungwi kamba. Jana jioni tukienda sauna aliifungua mwenyewe mkononi kwangu. Alisema kamba ilikuwa ya kwangu, si ya kwake, yeye alikuwa ananishikia tu.

Baba amesema nije likizo ya Oktoba. Ameandika mwenyewe kwa mwalimu Helli. Ile tiketi, kama hawakuirudisha, usiitupe. Na usichague vitabu vya kitoto.

Mama alinisomea barua yako ya stesheni. Alisoma mpaka kwenye birika, akashindwa, nikamalizia mimi. Bibi, hukuandika jambo moja. Nyinyi mlikuwa watano. Wewe ulikuwa namba ngapi? Niambie kabla ya Oktoba. Nikifika bandarini nitaita, na wewe uitike.

Mjukuu wako,
Orvokki, namba moja